Mwenye nyumba amefariki, mwanawe anadai kodi tuliyokatana na marehemu. Nikae kikao au niende kortini?

FundiFriji_Bakarani (#1)

Assalaam aleikum na habari za jioni nyote. Naomba mawazo, hasa ya walio hapa Mombasa.

Napanga vyumba viwili Kisauni, upande wa Bakarani, mwaka wa nne sasa. Kodi elfu tisa. Mkataba wa maandishi hatuna. Mzee mwenye nyumba alikuwa na daftari lake la mistari. Ukilipa yuwaandika, wewe waondoka. Nikimwita ami, naye akiniita mwanangu, tukaishi hivyo. Maji ya mfereji mnajua wenyewe yanavyokuja, kwa hivyo nyumba nzima, milango sita, tunategemea kisima na pampu.

Mwaka jana pampu ikaungua katikati ya mfungo. Mzee hakuwa na pesa mkononi. Akaniambia, "Wewe si fundi? Tengeneza, tutakatana kwenye kodi." Nikanunua pampu na mabomba, nikafunga. Jumla 23,500. Miezi miwili sikulipa, wa tatu nikalipa 3,500, hesabu ikaisha. Mzee hakunidai tena hata siku moja.

Kabla mwaka haujakatika mzee akafariki, Mungu amrehemu. Sasa mkusanyaji kodi ni mwanawe mkubwa. Amekuja na daftari: nadaiwa 23,500. Nikamweleza habari ya pampu, akasema yeye hajui pampu, ajua kodi. Tena kuanzia mwezi ujao ni 12,000, asiyetaka ahame. Juzi ametia kufuli kwenye kibanda cha pampu. Maji yafunguliwa saa moja asubuhi na saa moja jioni tu, na majirani wanilaumu mimi.

Anasema twende kwa mzee wa mtaa tusuluhishwe. Mzee wa mtaa ni mjomba wake. Nikae, au niende kortini?

KahawaTungu (#2)

Kesi ya nyani umepewa hakimu ngedere, na bado wauliza?

Milango8_Kiembeni (#3)

Mimi ni mwenye nyumba, najua nitapigwa mawe hapa lakini wacha niseme.

Watu hudhani kodi ikilipwa tunakwenda kula biriani. Nina milango minane. KRA, watoza ushuru wa serikali, wanataka asilimia 7.5 ya kodi inayoingia, si ya faida, maana kwa mpango huo huruhusiwi kutoa gharama hata ukipaka rangi nyumba nzima. Kisima kikikauka ni mimi. Choo kikijaa ni mimi. Halafu kuna hawa wa kuhama usiku: jioni mmesalimiana vizuri, alfajiri mlango uko wazi, ndani kumebaki kapeti iliyooza na bili ya stima.

Kwa hivyo huyo kijana simlaumu sana. Amerithi daftari, hakurithi mazungumzo. Daftari linasema 23,500. Angekuwa mwanangu ningetaka aulize vilevile. Kufuli ndio upuuzi.

Nakuomba kitu kimoja ndugu yangu: kodi ya mwezi huu lipa, elfu tisa yako ya kawaida, kwa M-Pesa ili ibaki ushahidi. Ukisema "silipi mpaka tusuluhishwe" utakuwa umempa sababu ya pili, na hiyo ya pili itakuwa ya kweli.

FundiFriji_Bakarani (#4)

Nshalipa. Risiti ya pampu pia ninayo.

Karani_wa_Wakili (#5)

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa mjini. Si wakili, kwa hivyo chukueni haya kama maneno ya barazani.

Lile baraza la kodi za nyumba za kuishi ambalo kila mtu hukuambia "mpeleke huko" halitakufaa. Sheria yake, Sura ya 296, inashika nyumba ambazo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe vyumba viwili vya 2,500 Kisauni leo nami nihamie. Sura ya 301 ni ya maduka, hoteli na mikahawa. Huko mpangaji asiye na mkataba wa maandishi amelindwa vizuri: hatolewi wala hapandishiwi kodi bila notisi ya fomu maalum, isiyopungua miezi miwili, na anaweza kuipinga kabla siku haijafika. Wewe umeangukia katikati. Mlango wako ni korti ya kawaida, na huko kesi ya 23,500 itakula pesa na muda kuliko hiyo 23,500 yenyewe.

Ndiyo maana nakwambia kaa kikao. Lakini si kwa mjomba.

Watu huchanganya mambo mawili. Mzee wa mtaa akisikiza pande zote halafu akasema "wewe lipa nusu, wewe ondoa kufuli", huyo ameamua. Mara nyingi huamua vizuri, sina ubaya na wazee. Lakini msuluhishi haamui. Kazi yake ni kuwafanya nyinyi wawili msikizane mpaka mpate neno ambalo kila mmoja anaweza kuishi nalo, na msipolipata mnaondoka kama mlivyokuja, hakuna aliyefungwa. Anayoyasikia humo hayatoki nje. Na lazima awe mtu mliyemkubali wote wawili. Mjomba wa mmoja, hata awe walii, yule mwingine atakaa akihesabu maneno.

Hili si jambo la mtaani peke yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaziambia korti zenyewe ziendeleze upatanishi na njia za kimila. Tangu 2016 kuna mpango ambao faili ikiingia kortini huchujwa, na ikifaa inapelekwa kwa msuluhishi kwanza. Wana siku 60, zaweza kuongezwa kidogo. Mpango huo ulianzia Nairobi, na sisi huku tunao. Na hata bila kesi kortini, mkikaa na msuluhishi aliyehitimu mkaandika makubaliano, Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai inaruhusu yasajiliwe na korti, yatekelezwe kama amri. Ya mwalimu mstaafu barazani hayana nguvu hiyo moja kwa moja, lakini yakiwa na saini na mashahidi ni mkataba, na mkataba hushtakiwa.

Karani_wa_Wakili (#6)

Nimesahau la muhimu kuliko yote, samahani, nilikuwa naandika nikiwa matatuni.

Huyo mwana mkubwa amesimama kwa niaba ya nani? Marehemu ameacha wangapi? Mirathi imefunguliwa? Kadhi hana mamlaka ya kesi ya kodi. Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na mambo ya hadhi ya mtu kwa Waislamu wanaokubali kwenda kwake. Lakini ni huko mirathi ikifunguliwa ndipo hujulikana nani msimamizi wa mali. Unaweza kukaa na huyu ukasaini vizuri kabisa, halafu dada yake akaja mwezi wa tatu akasema, "Mimi sikuambiwa, nyumba ni yetu sote." Muulize kabla hujakaa. Muulize kwa adabu, msiba bado mbichi.

KahawaTungu (#7)

Karani ameandika akiwa matatuni na bado ameandika kuliko wakili wangu aliyekaa ofisini.

MamaMajengo (#8)

Nisikizeni mie mtu mzima. Sisi Majengo letu ni zito kuliko hilo, kwa sababu mie si mpangaji na wala si mwenye mali. Nyumba ni yangu, ilijengwa na babu. Ardhi si yangu. Twalipa kodi ya kiwanja. Watu wa bara ukiwaambia hivi wakuona umepotewa na akili: vipi nyumba iwe yako na ardhi ya mtu? Huku pwani ndivyo tulivyokuta, nyumba kando na ardhi kando, na nyumba yauzwa, yarithiwa, ardhi yabaki kwa mwenyewe.

Sasa mwenye ardhi alikufa, akaja mjukuu. Akakataa kodi. Tukampelekea, akairudisha. Nyumba kumi na moja tukalala roho mkononi, maana mtu akikataa pesa yako ujue yuwataka kitu kingine. Wengine wakasema tusijali, tukae kimya, miaka 12 ikipita bila kodi ardhi yawa yetu. Mdomo huo ukafika kwake.

Akatokea mama mmoja mwenye kazi hiyo ya kusuluhisha, amesomea. Tukakaa chuoni, pale madrasani, watoto walipotoka kusoma. Mara ya kwanza zilikuwa kelele tupu. Mara ya pili akatutenga, akazungumza nasi faraghani, kisha na yeye peke yake. Huko ndiko ilikotoka. Kijana hakutaka kututoa. Alikuwa yuwaogopa. Risiti zote za kale zilikuwa na jina la babu yake, na ameambiwa na rafiki zake kwamba akiendelea kupokea kwa jina la maiti ataonekana hana haki, na asipopokea tutadai miaka 12. Basi amekwama, akaona heri ajifanye mkali.

Tulichotaka sisi ni risiti. Alichotaka yeye ni risiti. Miezi saba ya uadui kwa ajili ya kitabu cha risiti chenye jina lake! Kodi ilipanda, sisemi haikupanda, kutoka 300 hadi 800, na kwa miaka mitatu haitaguswa. Wawili kati yetu walinuna wakasema ni nyingi. Walisaini.

Wa_Magongo (#9)

Mama, hii habari ya ardhi ndiyo ile ya shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, serikali ikaingilia ikanunua?

MamaMajengo (#10)

La mwanangu. Wale walikuwa wamekaa bila idhini ya mwenyewe. Sisi twalipa. Usituchanganye, ndipo tunapofukuziwa hapo.

Binti_Mikindani (#11)

Naona kila mtu anasifu suluhu, basi na mimi niseme yangu.

Nilikuwa na deni la mwezi mmoja na nusu. Mume alikuwa amesimamishwa kazi. Nikarudi jioni nikakuta mlango umepigwa kufuli ya pili juu ya yangu, sare za watoto ndani, dawa ya mtoto ya pumu ndani. Nikapiga simu. Mwenye nyumba akaja na watu watatu, wote wazima, wote wake, akasema "tuyamalize kiungwana, mambo ya polisi ya nini". Tukakaa hapohapo kibarazani. Saa moja usiku, mtoto anakohoa. Nikakubali kila kitu: deni, faini ambayo sijui ilitoka wapi, na kuhama mwisho wa wiki. Nikasaini. Depositi yangu haikuonekana tena.

Kwenye karatasi ile imeandikwa "tumesuluhishwa kwa amani". Kwa hivyo mnaposema kaeni kikao, mseme pia kikao kinakaliwa lini.

Karani_wa_Wakili (#12)

Dada Binti, pole sana. Na una haki, hilo nililipita.

Mwenye nyumba hana ruhusa ya kukufungia nje kwa mkono wake, wala kubeba vitu vyako kwa sababu ya deni. Kuuza mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni, kwa utaratibu wake. Mtu akifungiwa, kwanza kufuli litoke. Korti inaweza kutoa zuio la muda kwa haraka, na suluhu ikafuata watu wakiwa wamelala kwao. Msuluhishi anayejua kazi yake angeahirisha pale pale alipomsikia mtoto anakohoa. Wale hawakuwa wasuluhishi, ni mashahidi wa upande mmoja.

Ambao hawana pesa ya wakili, Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa. Wamekuwa wakiwasaidia wasiojiweza tangu 1973, na husuluhisha pia, si kesi tu.

Milango8_Kiembeni (#13)

Binti, mimi ni mwenye nyumba na nimeona haya. Sina la kusema.

KahawaTungu (#14)

Swali la kijinga. Huyu msuluhishi analipwa na nani? Maana mwenye kulipa zumari ndiye... mnajua wenyewe.

Karani_wa_Wakili (#15)

Ukipitia mpango wa korti, msuluhishi hulipwa na Mahakama, wahusika hawamlipi. Ukimtafuta mwenyewe mnagawana nusu kwa nusu, na ni vyema iwe hivyo hata kama mmoja ana uwezo zaidi. Mwalimu mstaafu wa mtaani utampelekea haluwa.

FundiFriji_Bakarani (#16, wiki tatu baadaye)

Nimerudi. Samahani kwa kimya, wengine mmenitumia ujumbe mkidhani nimeshahamishwa.

Nilimuuliza kijana kuhusu mirathi kama Karani alivyosema, kwa adabu. Akakasirika, kisha akanyamaza muda mrefu, kisha akasema wako watatu: yeye, mdogo wake yuko bandarini, na dada yao yuko Dubai. Mirathi bado. Lakini kutoka siku hiyo akaanza kuniambia "sisi" badala ya "mimi". Mjomba nikamkataa, yeye akamkataa imamu kwa sababu mimi huswali hapo. Tukakubaliana na mwalimu mmoja mama mstaafu, aliyewafundisha wao wote na kunitengenezea jina la mtoto wangu kwenye cheti lilipokosewa. Amekaa sawa na kila upande.

Tukakaa barazani kwake kati ya alasiri na magharibi. Dada wa Dubai kwenye simu, imeegemezwa kwenye birika. Sharti la kwanza la mwalimu: kufuli litoke leo, kabla hatujasema neno. Kijana akainuka akaenda, sisi tukamngojea na kahawa.

Sasa hapa ndipo nilipoaibika kidogo. Mdogo mtu alikuwa amekuja na daftari la pili la mzee, la gharama, ambalo kaka yake hakujua kama lipo. Humo, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe: "pampu na mabomba, fundi, 15,000". Kijana mkubwa akaangalia ule mwandiko, akaondoka kwenda ndani kunawa uso. Aliporudi hakubishana tena kuhusu pampu.

Lakini 15,000 si 23,500.

KahawaTungu (#17)

Ala! 8,500 ilikwenda wapi fundi?

FundiFriji_Bakarani (#18)

Ufundi. Nilijihesabia ufundi. Siku mbili, na kuvuta pampu ya zamani kutoka kisimani si mchezo. Nadhani mzee alijua. Yeye nadhani alidhani namfanyia kama mwana. Hatukuwahi kusema.

Milango8_Kiembeni (#19)

Hahaha! Nilijua kuna kitu. Si ulisema risiti unayo?

FundiFriji_Bakarani (#20)

Risiti ni ya vitu, ami. Nani huandika risiti ya jasho lake?

Mwalimu hakuniaibisha mbele yao. Alinichukua kando, akaniuliza kitu kimoja: "Mzee angekuwa hai leo, ungemdai hiyo 8,500?" Nikakaa kimya. Kisha akaenda kwao faraghani, sijui aliwaambia nini. Aliporudi, dada wa Dubai ndiye aliyesema kwenye simu: fundi asilipwe na asilipe, iwe ada ya mwaka mzima wa kuiangalia pampu. Nikakubali haraka kuliko nilivyotarajia.

Kodi tulisota nayo mpaka adhana. Kijana alitaka 12,000 kwa sababu nyumba ya jirani ni 12,000. Ile ya jirani ina vigae na tangi juu, sisi tuna bati linalovuja upande wa jikoni. Tumeandika: 10,000 kuanzia Januari, na bati litengenezwe kabla ya masika. Bati lisipotengenezwa, inabaki 9,000. Kodi nalipa kwa nambari moja ya simu waliyokubaliana wote watatu, na mirathi ikifunguliwa msimamizi yeyote atakayewekwa ataifuata karatasi hii. Nakala mbili, kwa Kiswahili, saini, mashahidi wawili. Dada alituma idhini yake kwa ujumbe, tukaupiga chapa tukaubana pamoja.

Kufuli la kibanda lipo, lakini funguo ni tatu.

Binti_Mikindani (#21)

Nimefurahi kwa ajili yako kwa kweli. Haya, na yule mjomba?

FundiFriji_Bakarani (#22)

Amenuna. Nimempelekea haluwa naye, amepokea.

MamaMajengo (#23)

Hiyo sentensi ya bati ndiyo nimeipenda. Na mie nitawaambia wenzangu.

FundiFriji_Bakarani (#24, siku tisa baadaye)

Jamani. Pampu imeungua tena jana usiku. Stima ilirudi kwa kishindo ikala koili. Nimempigia kijana kumwambia inataka kusokotwa upya. Akanijibu, "Sawa fundi. Andika bei kwanza."